Nimehamishiwa Liwale, nahisi imani niliiacha Marangu. Naombeni mawazo

Nesi_Msafiri

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba mawazo yenu, ila msinirushie mistari ya Biblia tu halafu mkaondoka. Mistari ninayo.

Mimi ni nesi, Mlutheri wa Marangu, mtoto wa mzee wa kanisa. Kule nyumbani sikuwahi kujiuliza kama nina imani au sina. Jumapili kengele ya kwanza ikilia mama ameshapiga pasi vitenge. Ibada, halafu mnada wa mazao pale nje, mzee ananadi mkungu wa ndizi na watu wanapandishiana bei kwa utani mpaka mkungu unauzwa mara tatu, kwa maana aliyenunua anautoa tena. Katikati ya wiki mazoezi ya kwaya. Kipaimara nilikariri katekisimu mpaka mchungaji akanipa zawadi ya daftari. Hata chuoni tulikuwa na kikundi cha wanafunzi, tunakesha, tunafunga.

Ajira ikatoka, nikapangiwa zahanati ya kijiji, wilaya ya Liwale. Nashukuru kwa kazi, na watu wa hapa ni waungwana sana, wengi wao Waislamu. Kanisa letu lililo karibu liko Liwale mjini, na masika ikianza bodaboda wenyewe wanakataa safari. Zahanati tuko wawili. Mwenzangu akienda likizo nabaki peke yangu, na mama mjamzito uchungu ukimshika hauangalii Jumapili. Kwaresma yote imepita sijaingia kanisani. Mume wangu yuko Arusha kiwandani. Mama yangu alifariki mwaka jana, na ndiye tuliyekuwa tunasali naye kwa simu kila jioni.

Ibada naikosa, lakini kinachonitisha ni kwamba roho hainiumi tena. Usiku nikijaribu kusali, namaliza Baba Yetu kama mtu aliyesoma maelekezo kwenye chupa ya dawa. Sasa najiuliza: nilichokuwa nacho kule kilikuwa imani, au yalikuwa mazoea ya nyumbani? Na mtu anajengaje imani isiyobaki nyuma kila akihama?

---

Shujaa_wa_Upako

Dada hilo ni shambulio. Roho ya ukoo imekufuata tangu msiba. Yapo mafuta na maji ya kuvunja hiyo kamba, unatuma sadaka ya kujiunganisha kwanza. Njoo inboksi.

---

Kobe Mtaratibu

Huyo wa inboksi mpite kama hujamwona.

Dada, mimi kanisani naenda Krismasi na kwenye harusi, kwa hiyo chukua maneno yangu kwa kiasi chake. Umefiwa na mama, uko mbali na mume, unafanya kazi ya watu wanne, barabara haipitiki. Mtu yeyote angekauka, awe anasali au hasali. Unalala? Unakula? Ile hali ya kutoumia unayosema, ni kwenye sala tu au hata wimbo ulioupenda, chakula ulichokipenda, navyo havikugusi? Wewe ni nesi. Ungemuuliza hivyo mgonjwa, basi jiulize na wewe, na ukiona dalili za sonona kamwone daktari hospitali ya wilaya. Hayo mengine ya rohoni wapo watakaoyaweza.

---

MamaKemondo

Amina mwanangu. Pole kwa msiba wa mama.

Kobe amesema kweli. Asiyelala asikimbilie kusema Mungu amemwacha. Hilo lishughulikie kwanza, halafu rudi usome hapa.

Mimi nimestaafu kazi hiyo hiyo yako. Nimezaliwa Kemondo, kando ya ziwa, upande wa Bukoba. Umeuliza ni imani au mazoea. Vijana mnauliza swali hilo utadhani mazoea ni dhambi. Mimi mazoea yamenivusha mahali ambapo imani, kama ndiyo ile ya kusikia joto moyoni, haikuwepo kabisa.

Mwaka 1978 majeshi ya Amin yalipoteka kaskazini mwa mto Kagera na daraja la Kyaka likalipuliwa, watu wa Missenyi walikuja kusini na magodoro kichwani. Nilikuwa msichana. Kanisani kwetu watu walilala mpaka madhabahuni. Na nikwambie ukweli, kipindi kile kuamini kulikuwa rahisi. Vita inawaleta watu kanisani yenyewe. Ugumu ulikuja baadaye, vita imekwisha, shangwe zimekwisha, sukari hakuna, sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai, na sare za unesi ni nyeupe!

Halafu ikaja Juliana. Jina hilo vijana hamlijui. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walikuwa wa mkoa wetu, mwaka 1983, na watu wakauita ugonjwa kwa jina la nguo za fasheni zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara wa mpakani. Nilikuwa wodini. Unamwosha mtu leo, kesho kutwa uko kwenye mazishi yake, na wengi ni wa rika langu, tulicheza pamoja. Mdogo wangu wa kiume naye akaondoka hivyo hivyo. Wapo wahubiri waliosimama misibani wakasema ni adhabu. Mimi vidonda vya wale watu nilivijua kwa mikono yangu, nikashindwa kusali. Si wiki, si mwezi. Nikifumba macho naliona godoro la plastiki.

Kulikuwa na wale wa Uamsho, vuguvugu la wokovu makanisani. Ulianzia Gahini kule Rwanda kabla sijazaliwa, ukapita Uganda, ukaingia Buhaya. Sisi tuliwaita walokole. Walikuwa na mambo yao: hereni dhambi, rubisi (pombe ya ndizi) dhambi, kucheka sana nusu dhambi. Mama yangu alikuwa mmoja wao na mimi nilikuwa nawakwepa kwa mbinu zote. Lakini walikuwa na jambo moja. Wakikutana, hata wawe watatu jikoni kwa mtu, kila mmoja anasema hali yake ya leo. Hasimulii alivyookoka miaka kumi iliyopita. Leo. "Leo nimemchukia wifi yangu." "Leo nimemdanganya mteja kwenye mizani." Wanaomba, wanaimba wimbo wao wa Kiganda, wanarudi shambani.

Jioni moja nikaingia nikawaambia, mimi siwezi kusali na sijui kama Mungu yupo. Nilitegemea watashtuka, au wataanza kunikemea pepo. Bibi mmoja alikuwa anamenya ndizi za jioni, hata kisu hakukiweka chini. Akasema, "Basi kaa. Sisi tutasali, wewe menya." Akanisogezea ungo. Nikamenya. Wiki iliyofuata nikaenda tena nikamenya. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwa utomvu kipindi kile chote, na matroni wodini ananiuliza hivi wewe una shamba zamu ya usiku?

Sikumbuki ni lini nilianza kusali tena. Hakukuwa na sauti wala mwanga. Nilishtukia tu siku moja kwamba tumemaliza kuomba na mimi nimo.

Ndiyo maana nasema hayo mazoea ya Marangu usiyadharau. Imani yako kule ilikuwa imebebwa na watu wengi, na hilo si kosa, ndivyo inavyotakiwa kuwa. Shida ni kwamba wabebaji wamebaki kule na mmoja amefariki. Unahitaji wengine, hata mmoja, wa kumwambia hali yako ya leo bila kuipamba. Asiwe mchungaji lazima.

Na ile katekisimu uliyokariri, iko kichwani bure. Luther aliiandika mwaka 1529 akaweka humo sala ya asubuhi na sala ya jioni, za nyumbani, za mtu asiye na mchungaji karibu. Unafanya ishara ya msalaba, unasema Imani, Baba Yetu, unaongeza kasala kafupi, basi. Asubuhi anakwambia nenda kazini kwako kwa furaha. Jioni anakwambia lala mara moja. Hakuandika popote kwamba ukae hapo mpaka usikie kitu kifuani. Wewe ni mtu wa zamu, asubuhi yako inaweza kuwa saa mbili usiku. Sema ukiamka, sema ukilala, uhisi usihisi.

Umekataa kurushiwa mistari, basi nakurushia zaburi nzima: ya 88. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani. Nyingi za namna hiyo mwishoni zinageuka zinasifu, hii haigeuki. Nayo imo kwenye Biblia na watu wameisali maelfu ya miaka. Siku ukiwa huna neno la kumwambia Mungu, mwambie hayo.

Siku hizi niko Kimara kwa mwanangu. Mkwe wangu anasali kanisa la hawa wa kiroho, spika zinapigia kifuani, ibada saa tatu mpaka saa saba na nusu. Magoti yangu hayana habari na kuruka. Nakaa nyuma kwenye kiti cha plastiki na nasema katekisimu yangu taratibu, wao wakinena kwa lugha na mimi nanena kwa Kihaya. (Mkwe akisoma hapa anisamehe. Anapika vizuri.)

---

DadaWaMuscat

Mama Kemondo nimecheka na nimelia hapo kwenye ungo.

Dada Nesi, mimi niko Muscat, kazi za ndani. Bosi wangu ni bibi mtu mzima, wazazi wake walikaa Unguja, Kiswahili chake kinanishinda mimi mtu wa Tanga. Huku mapumziko ni Ijumaa, kwa hiyo makanisa yanajaa Ijumaa. Pale Ruwi makanisa yako kwenye eneo moja, kiwanja walipewa na Sultani Qaboos, unakuta Wakatoliki na Waprotestanti, Wahindi, Wafilipino, sisi Waafrika na vitenge vyetu, ibada moja inatoka nyingine inaingia. Raha kweli. Ila ruhusa sipati kila Ijumaa. Kuna mwezi naenda mara moja na kuna mwezi siendi kabisa.

Kilichonishika mimi ni adhana, na usinicheke. Huku inaita mara tano, bibi anatandika mswala sebuleni, kazi yoyote inasimama. Nikaanza na mimi kila ikiita nasema sala fupi moyoni, nikiwa nakunja nguo au nakoroga uji wake. Sikumwambia mtu. Kumbe bibi ananiangalia. Siku moja nilikuwa nakimbizana na samaki jikoni, wageni wanakuja, adhana imeita na mimi sina habari. Akaja mlangoni na fimbo yake: "Wee bibiye, leo husali? Kwani dini yenu imefungwa?" Nikazima jiko.

Sasa wewe umezungukwa na watu wanaojua kuacha kazi kwa ajili ya Mungu. Waambie majirani, Jumapili saa fulani mpaka saa fulani nasali, nigongeeni kama kuna dharura tu. Utaona watakavyokulindia huo muda. Wanaheshimu mtu anayesali kuliko asiye na habari. Mimi hapa anayenisimamia sala zangu ni Mwislamu, mchungaji wangu wa nyumbani hata namba yangu mpya hana.

---

Fundi Cherehani

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Mkatoliki wa Nachingwea, naomba niruke uzio kidogo.

Dada, wewe umetoka Kilimanjaro ambako ukirusha jiwe linaangukia bati la kanisa. Huku kwetu, hasa Liwale na Kilwa, Wakristo tumezoea uchache. Padre ana vigango vingi, yaani makanisa madogo ya vijijini, na pikipiki moja. Jumapili nyingi tunafanya ibada bila padre, katekista anaongoza, tunasoma masomo, anafundisha, tunaomba, tunakwenda nyumbani. Katikati ya wiki tuna jumuiya ndogondogo, familia chache zinapokezana nyumba. Maaskofu wa Afrika Mashariki walilipitisha jambo hilo miaka ya 1970, na nafikiri walituwazia sisi wa vijijini. Jumuiya haihitaji jengo, haihitaji padre, inahitaji mkeka. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar pale Somanga, vitambaa vyangu vyote vilikwama njiani, sina cha kushona, sina hela. Jumuiya ilikutana vilevile. Mtu mmoja alileta mihogo, nikala.

Halafu hapo ulipo si mahali padogo. Agosti 1905, Maji Maji imeanza, Askofu Cassian Spiss alikuwa safarini kutoka Kilwa kwenda Peramiho na mabruda wawili na masista wawili. Wote watano waliuawa Mikukuyumbu, karibu na Liwale. Sitawafanya waliowaua kuwa mashetani. Wajerumani walikuwa wanalimisha watu pamba kwa viboko, na kwa mwananchi wa wakati ule mzungu ni mzungu, hana haja ya kumuuliza wewe wa msalaba au wa bunduki. Lakini mwaka uliofuata tu, 1906, Wabenediktini wakafungua Ndanda. Hospitali ya Ndanda nadhani unaifahamu kuliko mimi.

Kwa hiyo usijihesabu kama mtu aliyetupwa nje ya Kanisa. Upo ndani, ila ndani kwa namna ya kusini. Uliza hapo kijijini nani katekista au nani ana jumuiya iliyo karibu, hata kama ni kilomita kadhaa kwa baiskeli. Watu wa zahanati huwa wanajua kila mtu.

---

Nesi_Msafiri

Shikamoo Mama Kemondo. Asanteni wote, nimesoma mara nyingi usiku wa jana, hakukuwa na mgonjwa.

Kobe, silali vizuri tangu mazishi. Nalala saa nane naamka kumi. Sikuwa nimeliunganisha na hili. Nikienda wilayani kuchukua dawa za zahanati nitaonana na daktari, nimeshaandika kwenye daftari ili nisijidanganye.

Mama, sala ya Luther nimeijaribu leo asubuhi. Nilidhani nimeisahau, kumbe mdomo unaikumbuka kuliko mimi. Ila nina neno. Wewe ulikuwa na wale bibi, umeingia tu jikoni ukawakuta. Mimi nikimwambia mtu hapa kwamba nesi wao hawezi kusali, kesho kijiji kizima kinajua. Huku wananiita daktari! Daktari hatakiwi kuwa na shida.

Dada wa Muscat, jirani yangu Mama Zuhura nimemwambia habari ya Jumapili saa tatu. Akasema, "Mbona hukusema siku zote? Tulidhani hamsali ninyi." Nimebaki kinywa wazi.

Fundi, nimeulizia. Kuna mzee anauza nyavu na majembe gulioni, ndiye anayeongoza ibada kigango cha pili kutoka hapa. Je, Mlutheri akienda si ataonekana amehama dhehebu? Baba yangu ni mzee wa kanisa, mnielewe.

---

Fundi Cherehani

Nenda. Nakwambia mapema yasije yakakuumiza: siku padre akija, komunyo hutapokea, ndiyo utaratibu wetu na sitaki ukajue ukiwa kwenye foleni. Mengine yote, kuimba, kusikiliza Neno, kukaa jumuiya, hakuna atakayekuuliza cheti. Mweleze katekista siku ya kwanza kwamba wewe ni Mlutheri na utabaki Mlutheri. Atafurahi umesema. Na mwambie baba yako mwenyewe kwa simu, asisikie kwa watu.

Wahi kabla ya saa tatu. Msimu wa korosho wanaanza mapema, watu wanataka kurudi mashambani.

---

Kobe Mtaratibu

Kwenye daftari umeandika tarehe au umeandika tu "daktari"?

---

MamaKemondo

Marahaba mwanangu.

Hilo la kuitwa daktari nalijua. Mimi nilikuwa naitwa sista na watu wanajificha sigara nikipita. Ni kweli, usiwaambie wagonjwa wako. Yule wa nyavu msome kwanza, umwone anatunza maneno au hatunzi, hiyo itachukua muda.

Ila nimesoma maneno yako yote tangu mwanzo, na kuna mtu umemtaja mara moja tu ukampita. Baba watoto huko Arusha, anajua hayo uliyotuandikia sisi tusiokujua?

---

Nesi_Msafiri

Kobe, tarehe ipo.

Mama, hajui. Tukipigiana ni habari za ada na kodi ya nyumba, halafu salio linaisha. Leo yuko zamu ya usiku, anatoka saa moja asubuhi. Nimeweka vocha.